Kamachumu: Salfeti Saba na Blanketi Moja

Ukimwambia mtu wa Dar unakwenda Bukoba, atakuagiza senene. Kama siyo senene, kahawa ya kutafuna. Halafu atacheka na kusema "nshomile!", maana utani wetu kwa Wahaya hauishi: kila Mhaya amesoma, na kama hajasoma basi ana kaka aliyesoma. Sawa, utani ni utani, na mimi nimeolewa huko kwa hiyo nina leseni ya kuutumia. Lakini Julai 2025, mimi na mume wangu tulipofunga safari ya Kagera, hatukufuata senene (msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba) wala kahawa. Tulifuata mabaki ya vitambaa. Yaani vile vipande ambavyo fundi cherehani akimaliza kukata anavisukumia kwa mguu chini ya meza.

Usicheke kwanza, mpenzi msomaji. Hesabu harusi ulizohudhuria mwaka huu. Hesabu na kitchen party, na send-off, na ubatizo. Kila moja ina sare yake, na kila sare imekuacha na kipande cha kitenge au satini ambacho hakitoshi hata kilemba. Viko wapi? Chini ya kitanda, au fundi wako kabaki navyo. Sasa fikiria mwanamke aliyeshona kwa zaidi ya miaka thelathini kwenye baraza moja na hakuwahi kutupa kitu.

Huyo ni mama mkwe wangu. Alifariki mwaka 2023 na kuzikwa kibanjani, kati ya migomba yake, kama ilivyo desturi ya huko. Aliacha watoto wanne, cherehani moja ya miguu, na chumba cha nje chenye salfeti saba zilizojaa vipande. Chumba kile kilipata ufa siku ya tetemeko la Septemba 10, 2016, lile la ukubwa wa 5.9 lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi Kagera. Ufa ulizibwa kwa udongo ukafunguka tena. Mwaka jana familia ikakubaliana kwenye grupu la WhatsApp: chumba kivunjwe kabla mvua hazijaanza, na aliye karibu na likizo aende akasimamie. Aliye karibu na likizo alikuwa mume wangu. Maagizo ya kaka mkubwa kuhusu salfeti yalikuwa mafupi. Zichomwe.

Kuna njia mbalimbali za kufika. Sisi tulishuka Mwanza kwa ndege, tukapanda basi, kwa sababu nilitaka kupita daraja la Kigongo–Busisi ambalo lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja tu kabla, Juni 2025. Kilomita tatu juu ya maji. Zamani pale mlikuwa mnasubiri kivuko mpaka chai inapoa mara mbili. Sasa basi linapita na abiria wote wanatoa simu kupiga picha, hata wale waliokuwa wamelala. Baada ya hapo ni Sengerema, Geita, Biharamulo, halafu taratibu unaona nchi inabadilika rangi. Vumbi linakwisha. Migomba inaanza. Ukifika Muleba kila nyumba imemezwa na migomba, unaona paa tu na moshi.

Tulipitiliza kwanza mpaka Bukoba mjini, kupumzika siku mbili. Nawashauri wapenzi mfanye hivyo hivyo. Mji mdogo, uko nyuzi moja na kidogo tu kusini ya ikweta, lakini hauna joto la Dar kwa sababu ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jioni mnatembea ufukweni mkiangalia kisiwa cha Musira, ambacho kimekaa majini kama mkate uliokatwa upande, na upepo unakulazimisha kumsogelea mwenzio. Hoteli siyo lazima iwe ya gharama. Ombeni chumba kinachotazama ziwa, basi.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa barazani. Bukoba bado ina mafundi wa nje ya duka, cherehani zimepangwa mstari, miguu inakanyaga kwa mwendo mmoja. Kitenge kinachoingia pale kinakuja kutoka pande mbili, kutoka Dar na Mwanza, na kutoka Kampala kupitia Mutukula, na unaweza kuona tofauti kwenye rangi. Unaweza pia kuona gomesi linashonwa, lile gauni la Waganda lenye mabega yaliyochongoka na mkanda mpana, ambalo upande huu wa mpaka wanawake nao hulivaa kwenye sherehe. Inasemekana jina limetokana na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes. Chini ya kila cherehani kuna kichuguu cha vipande. Nikamuuliza fundi mmoja huwa anavipeleka wapi. Akasema vingine vinajazia mito, vingine ni vya kuwashia jiko. Akaniangalia. "Kwani wewe unavitaka vya nini?"

Nilimwambia: blanketi.

Kamusi zetu zina neno zuri, mfarishi, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia sokoni. Watu wanasema blanketi la viraka, na wakisema hivyo mdomo unakaa kama wanazungumzia ugonjwa. Kiraka kwetu ni umaskini. Ni kiti cha kaptula. Sehemu pekee ambako neno hilo lina heshima ni kwenye mpira, ambapo mchezaji kiraka ni yule anayeweza kucheza namba yoyote kocha anayompanga, na kila timu inamtaka.

Kutoka Bukoba kwenda Kamachumu unarudi barabara ya Muleba, unapita Kemondo penye bandari, unafika Muhutwe, halafu unaacha barabara kuu na kupanda. Kamachumu ni juu. Asubuhi ukungu umelala kwenye migomba na watu wa huko wanatembea na masweta mwezi wa Julai, wewe wa Dar unatetemeka na kakoti kako ka ofisini. Ndiyo maana nasema blanketi huko siyo pambo. Usiku wa kwanza tulilala na mablanketi mawili na bado nilimwekea mume wangu miguu ya baridi mgongoni.

Shangazi yake, dada wa baba mkwe, ndiye anayekaa kwenye boma sasa. Nilimwamkia shikamoo, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyopokewa, ingawa mimi si mgeni tena. Mimi ni wa Tanga, kwa hiyo jina langu pale ni "mke wetu wa pwani". Tulikula ndizi na maharage. Baada ya chakula mume wangu akasimama, akachukua kiberiti.

Shangazi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwanangu, kaa."

Hapo nieleze kitu kuhusu mume wangu. Tangu mazishi hakuwahi kumzungumzia mama yake zaidi ya sentensi mbili. Ukimuuliza anasema "aah, ni kazi ya Mungu" na kuongeza sauti ya televisheni. Wanaume wengi wako hivi, wake zao mnajua. Nilidhani akiuona ule mlima wa vitambaa atalainika. Wapi! Alisema ni takataka, panya wamezaliana humo, na kwamba hawezi kusafirisha matambara kilomita zaidi ya elfu moja ili yakajaze nyumba ya kupanga. Nikamwambia mimi ninayetaka kuyabeba ndiye nitakayeyashona. Akasema, "Unataka nilale chini ya viraka?" Kwa sauti ambayo sikuizoea. Tukanyamaza wote. Usiku ule miguu ya baridi nilibaki nayo mwenyewe.

Kesho yake asubuhi shangazi na mimi tulimwaga salfeti ya kwanza kwenye mkeka.

Sijui nikuelezeje. Ulishaona ukingo wa barabara mpya uliokatwa na greda, udongo umejipanga tabaka kwa tabaka? Ndivyo zilivyokuwa salfeti zile, maana mama alijaza moja ikaisha ndiyo akaanza nyingine. Juu kulikuwa na vitenge vya siku hizi, vile laini vinavyoteleza, vyenye dhahabu ya kung'aa. Sare za harusi tupu. Shangazi alikuwa anataja bila kufikiri: hiki cha harusi ya Rutabo, hiki cha komunyo, hiki bibi harusi alikataa rangi mama akafumua magauni manane. Ukishuka chini pamba inakuwa nzito. Unakutana na vitenge na kanga za enzi za viwanda vyetu, enzi za Urafiki ya Dar es Salaam iliyoanza 1968, na Mwatex ya Mwanza, na Mutex ya Musoma, nguo ambayo ukiikunja inakunjika na kukaa. Kisha katikati ya salfeti ya tano kuna kipindi ambacho hakina rangi kabisa. Vipande vidogo vidogo, vingine vimeshaunganishwa mara mbili. Shangazi akasema hiyo ni baada ya vita vya Amin. Vita vilianza 1978 na kuisha 1979, lakini uhaba wa nguo uliendelea mpaka biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya themanini na mitumba ikaanza kuingia. Kipindi hicho, alisema, mama alikuwa msichana anajifunza kushona, na jora likifika dukani habari inatangulia siku mbili.

Na kulikuwa na kifurushi cha nyeusi. Peke yake, kimefungwa kwa uzi. "Mei 1996," shangazi alisema. Hakuongeza na sikuuliza. MV Bukoba ilizama Mei 21 mwaka huo ikikaribia Mwanza, na Kagera ilizika wengi.

Sasa mshono wenyewe. Wamarekani wanauita log cabin, yaani kibanda cha magogo, na ulipata umaarufu mkubwa kwao miaka ya 1860. Unaanza na mraba mdogo katikati. Mimi nauita kitovu. Unashona utepe mmoja ubavuni mwake, unaukunja, unapiga pasi. Unazungusha kazi yako robo, unashona utepe wa pili ambao ni mrefu kidogo. Unazungusha tena. Ni kama kujenga ukuta kuzunguka jiko, na kwa kweli kwa mila yao kile kitovu kilikuwa chekundu, kwa sababu ndio moto wa nyumba. Tepe za pande mbili zinazopakana unaweka rangi nyepesi, pande mbili nyingine rangi nzito. Ndiyo siri yote. Mraba mmoja unakuwa na upande wa mchana na upande wa usiku, na ukishakuwa nayo mingi unaipanga utakavyo. Usiku kwa usiku ikutane, unapata maumbo ya almasi. Ikifuatana, unapata mistari ya kukatiza kama shamba lililolimwa.

Uzuri wake kwa mtu mwenye mabaki ni kwamba haudai kipande kikubwa. Sisi tulikata kitovu inchi 2 na nusu, tepe upana wa inchi 2, mshono robo inchi. Mizunguko mitatu, mraba unamaliza inchi 11. Utepe wa kwanza unahitaji urefu wa inchi 2 na nusu tu, na wa mwisho inchi 11 na nusu. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinataka miraba 42, sita kwa saba, na kila mraba una vipande 13. Piga mwenyewe: 546. Ukipungukiwa urefu unaunga viwili. Ukichanganya pamba na nguo za kuteleza, kama tulivyofanya, shonea juu ya kipande cha shuka kuukuu, kitashika kila kitu kisikimbie. Na kama unaishi Dar usiweke sufi ndani, utajichemsha bure. Weka shuka nyuma, piga mishono ya kushikilia, imetosha.

Cherehani ya mama ilikuwa haijaguswa miaka miwili. Mkanda ulikuwa umekauka na kukatika. Kijana wa jirani akaunga kwa waya, shangazi akatia mafuta, ikakohoa kidogo ikaanza kwenda. Pasi ilikuwa ya mkaa. Kama hujawahi kuitumia, jifunze hili: unaipitisha kwanza juu ya jani la mgomba, inateleza vizuri na masizi yanabaki kwenye jani. Huko majani ya mgomba hayajawahi kuwa tatizo.

Wakati tunakata, shangazi aliniuliza kama huu ushonaji wa Wazungu kweli unatufaa. Swali zuri. Nikamwambia wa pwani tuna yetu. Kanga hii tunayojifunga, mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wananunua leso za mkononi zikiwa bado hazijatenganishwa, wanakata tatu tatu na kuunga safu mbili kuwa nguo moja ya leso sita. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo kanga inaitwa leso. Naye akanikumbusha kwamba bibi zake walivaa nguo za magome ya mti, yaliyopondwa kwa nyundo ya mti mpaka yakawa laini, na hata magome yale yakichanika yalikuwa yanatiwa kiraka. Waganda bado wanatengeneza, na UNESCO imeitambua kazi yao hiyo kama urithi wa utamaduni usioshikika. Basi hapo tukakubaliana kuwa Wazungu hawakutufundisha kuunga.

Nikamwambia pia kuhusu Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengi kutoka upande wetu huu. Wanawake wao wanashona blanketi la viraka linaloitwa kawandi. Wao wanaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani, kinyume kabisa na log cabin. Na kwenye pembe nne wanaweka pembetatu ndogo za kitambaa kilichokunjwa, wanaziita maua, na wanasema blanketi lisilo nazo liko uchi. Shangazi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Uchi! Kutoka hapo hakuna aliyemshawishi tofauti: blanketi letu litakuwa na maua pembeni.

Mume wangu siku hizo mbili alikuwa anavunja ukuta na mafundi. Anaingia, anakunywa maji, anatoka. Siku ya tatu mvua ikanyesha. Usishangae, ni Julai lakini Bukoba na Muleba mvua haiulizi mwezi. Hakuwa na pa kwenda, akakaa kwenye stuli nyuma yetu akichezea simu. Mimi nikaanza kusimulia, bila kumwangalia, kama namwambia shangazi. Nikasimulia habari ya Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, kilichojipinda na mto, ambako wajukuu wa watumwa walishona mablanketi kutokana na suruali za shambani zilizochakaa. Mshono wao mmojawapo, Housetop, yaani paa la nyumba, ni ndugu wa log cabin. Mwaka 2002 mablanketi yao yalianza kuonyeshwa kwenye makumbusho makubwa, Houston na New York, na 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mume. Mwaka 1942 akachukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akashona blanketi la kujifunika. Binti yake Arlonzia alimsaidia.

Kimya. Mvua tu kwenye bati.

Halafu mume wangu akainama, akachomoa kitu kwenye rundo. Kaki.

Kaki ilikuwa imejaa kuliko kitu kingine chochote mle, nilikuwa nimeitenga pembeni kwa sababu haina urembo. Kila Januari, alisema, shule zikifunguliwa mama alikuwa anashona kaptula za shule ya msingi nzima. Usiku na mchana, taa ya chemli mpaka alfajiri. Na kaptula yake yeye ilikuwa ya mwisho, ikishonwa kwa mabaki ya wengine. Mbele kaki hii, nyuma kaki ile, mfuko kaki ya tatu. Darasa zima walimwita Kiraka. Miaka saba. Hata mwalimu wa zamu aliwahi kuita jina hilo mstarini, na wote wakacheka.

Hakuwahi kumwambia mama. Alichofanya alipoanza kazi Dar, mshahara wa kwanza, alimtumia mama jora zima la kaki kwa basi. Jora zima, msomaji. Mama alipiga simu kushukuru, akasema limemfaa sana kwa watoto wa shule. Hakuelewa, au alielewa. Shangazi alikuwa anamsikiliza huku mkono umesimama kwenye gurudumu la cherehani. Akasema, "Alijua. Aliniambia, mwanangu amenilipia deni ambalo sikumdai."

Mimi nilijifanya natafuta chaki.

Baadaye nikamwambia kwamba timu yake ya Kagera Sugar pale Kaitaba ingefurahi sana kumpata kiraka mmoja wa maana. Akatabasamu nusu. Akaomba mkasi.

Vitovu vyote alivikata yeye. Kaki, badala ya nyekundu. Alitaka ziwe kaki mbili tofauti zilizoungwa katikati, lakini kwenye inchi mbili na nusu mshono unakuwa donge, kwa hiyo tukapatana: nusu ya vitovu kaki ya njano, nusu kaki ya kijani. Upande wa mchana tuliweka vitenge vya harusi na mashati meupe ya shule. Upande wa usiku vitambaa vya enzi za viwanda, sketi za bluu, na ile nyeusi ya 1996, kidogo kidogo, utepe mmoja kwenye miraba michache. Shangazi ndiye aliyeamua ni ipi. Lesi tuliiacha, haikubali pasi ya mkaa.

Siku zilizobaki zilienda haraka. Asubuhi kazi, mchana kutembea. Tulikwenda mpaka Ndolage kumwona ndugu aliyelazwa, tukarudi kwa miguu sehemu ya njia katikati ya vibanja, na kila tuliyepishana naye alisimama kusalimia kwa utaratibu kamili, na "waitu" mwishoni, ile heshima yao isiyo na haraka. Mume wangu alikuwa akiwajibu Kihaya, ambacho Dar hukisikii kinywani mwake. Jioni walikuja majirani kuangalia. Wanawake walikuwa wanatafuta vitambaa vyao kwenye miraba. Mama mmoja aliweka kidole kwenye utepe wa zambarau akasema hilo ni gauni lake la send-off la 1998, na mume ameshaondoka lakini gauni analo. Kila mtu akacheka, na yeye mwenyewe. Rubisi ilikuwepo. Mimi ilinishinda, naona inakuna koo, lakini watu wa huko wanaisifia.

Kwenye grupu la familia mambo hayakuwa matamu hivyo. Mume wangu alipotuma picha, dada wawili waliuliza papo hapo: ni la nani? Kaka mkubwa akaandika kwamba alisema zichomwe, na kwamba cherehani iuzwe kusaidia gharama za kuvunja. Siku mbili ujumbe ulikuwa mkali, watu wakaanza kukumbushana michango ya msiba. Mtu akileta urithi wa kibanja mezani, watu wanajua pa kusimama. Akileta salfeti saba za vipande, hakuna sheria. Nilijitoa, mke wa mtu haingii kwenye hayo. Mume wangu aliandika mara moja tu: vitambaa vinatosha mablanketi manne, watoto wako wanne, cherehani inabaki kwa shangazi mpaka la nne liishe. Kwa mtu ambaye wiki moja nyuma alishika kiberiti, niliona amesogea mbali.

Tuliondoka tukiwa na miraba 31. Salfeti mbili tulizipakia kwenye basi, konda akatoza kama mzigo wa kawaida, akauliza kuna nini, akaambiwa nguo. Tano zikahamia chumbani kwa shangazi, juu ya mbao ili unyevu usizifikie. Chumba cha nje tulikiacha kimekuwa msingi tu, na mgomba mmoja umeshaegemea pale mlango ulipokuwa.

Shangazi aliahidi miraba 11 iliyobaki. Mwezi wa Desemba tukapigiwa simu kwenda kuchukua kifurushi stendi. Ndani kulikuwa na senene wakavu kwenye kopo la maziwa, kahawa, na miraba, imepigwa pasi na kufungwa kwa jani. Tukahesabu. Kumi na mbili. Blanketi la sita kwa saba halina nafasi ya mraba wa arobaini na tatu, na kitovu cha huo mmoja kilikuwa na kaki mbili zilizoungwa katikati, donge na yote. Mume wangu ameuweka mezani kwake ofisini, chini ya kikombe cha kahawa.

Blanketi la kwanza limekwenda kwa dada mdogo, ndivyo walivyopanga wenyewe, wa mwisho kuzaliwa ndiye wa kwanza. Letu ni la tatu. Wiki iliyopita kaka mkubwa aliuliza kwenye grupu la kwake litakuwa tayari lini. Shangazi alimjibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde tano nzima, na nyuma unasikia cherehani inakwenda: alete uzi.